Mwamuzi na Mlango wa Mama Mkwe

Ukiagana na Mwamuzi njiani, hakukupa mgongo. Alianza kuondoka kinyumenyume, uso wake ukiwa kwako, mikono nyuma, akiendelea kuongea mpaka afike kwenye kona ya duka la mkate, na hapo ndipo alipogeuka. Wageni waliohamia mtaa wetu wa Nyakabiga walidhani ni ugonjwa. Sisi wenyeji tulijua ni kazi. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake aliamua mechi za mpira za mitaa, na mwamuzi mzuri, alituambia, hageuzii mchezo kisogo. Sikuwahi kumwona akijikwaa. Mbwa waliolala, ndoo za wauza mboga, mifereji iliyokosa vifuniko, vyote alivipita kama mtu mwenye macho kwenye visigino.

Mtaani walimwita Arbitre, yaani mwamuzi kwa Kifaransa. Hata mkewe, fundi cherehani mwenye chumba cha kazi kule mtaa wa Bwiza, alimwita hivyohivyo, kwa sauti ya mchezaji anayelalamikia uamuzi. Mimi nilikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta, kwa miaka mingi. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe juu ya ukuta huo. Machache nilisimuliwa na mkewe, na nitakapofika kwenye hayo nitasema.

Neno lake lililojulikana na wote lilikuwa hili: "Mi nimekwisha piga filimbi." Maana yake jambo limeamuliwa na halirudi. Alilisema uwanjani, akalileta nyumbani, akalipeleka hadi kwenye kamati ya kanisa. Siku moja alimwambia fundi wa rangi apake nyumba yake rangi ya maboga. Rangi ilipokauka iliumiza macho ya kila mpita njia, na yake kwanza. Nilimwona akikunja uso kila alipotoka mlangoni. Mkewe akamsihi wapake upya. Alijibu kwamba filimbi imeshapigwa. Nyumba ikabaki boga mpaka jua lilipoihurumia. Aliwahi pia kusifu nyanya sokoni kabla hajazigeuza, na alipozikuta zimeoza upande wa chini alizinunua hivyohivyo, akazila, akaumwa tumbo, na hakumlaumu mwenye nyanya.

Mtu aliyeumizwa zaidi na tabia hiyo alikuwa Kinyozi. Kibanda chake cha kunyolea kilitazamana na lango la Mwamuzi. Zamani, kabla ya kitambi, Kinyozi alikuwa golikipa wa timu ya Bwiza, na katika mechi dhidi ya Nyakabiga Mwamuzi alimpigia penalti ambayo uwanja mzima, wakiwamo waliofaidika nayo, walisema haikuwa penalti. Bwiza walifungwa. Kinyozi alizeeka, akafungua kibanda mbele ya lango la adui yake, akamnyoa kila mwezi, na kila alipomfunga shuka shingoni aliuliza upya.

"Arbitre, sasa tuko wawili tu. Ile ilikuwa penalti?"

"Ilikuwa penalti."

"Wallahi, mi niko na wembe mukononi, na we unasema ilikuwa penalti."

"Nyoa, Kinyozi."

Mtu asiyemjua angedhani alikuwa na moyo wa jiwe. Hakuwa nao. Alilia kwenye harusi zote, hata za watu asiowafahamu vizuri. Alikuwa na sauti mbaya ya kuimba na hakukosa kwaya. Alishika saa kama askari uwanjani, lakini misa aliifikia wakati wa mahubiri, akaingia kinyumenyume ili asiuonyeshe mlango kisogo, jambo ambalo padri alilizoea. Na mtu huyu, aliyesimama mbele ya vijana wenye hasira bila kurudi hatua, alimwogopa binadamu mmoja duniani: mama mkwe wake.

Kwa watu wa upande wao, mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kutoonana. Hawatazamani machoni, hawashikani mikono, hawaketi kwenye chakula kimoja, na mama mkwe halali kamwe chini ya paa la mkwe wake. Akiwa na neno la kumwambia, analipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama mkwe mwenyewe amesimama hapo na anasikia. Si chuki. Ni heshima iliyo kubwa kuliko salamu, na familia nyingi za mjini zimeilegeza. Mama huyo hakulegeza chochote. Sote tulimwita Koko, kama wanavyoitwa bibi. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuuzia dagaa, maana ndiyo kazi aliyoifanya kule Kajaga, kando ya ziwa, tangu ujana. Alipokuja kumtembelea binti yake aliketi uani chini ya ukuta wangu, kitenge kimefunika kichwa, na Mwamuzi alijificha nyuma ya tangi la maji. Nilimwona huko mara nyingi, mzee mzima, amechutama, akinionyesha kwa kidole mdomoni ninyamaze.

"Iko anafanya nini huko nyuma?" Koko alimuuliza binti yake siku moja, bila kugeuka.

"Anakuheshimu, Mama."

"Mwambie heshima yake inakohoa."

Ziwa lilipopanda, lilipanda pia kwa Koko. Nyumba yake ya matofali ya udongo haikuanguka kwa kishindo. Ililainika. Mkewe Mwamuzi alinieleza jinsi walivyomkuta mama yake amesimama kwenye maji ya magoti, ameshika kona ya chumba chake, na kona ile ikimbakia mkononi kama mkate uliochovywa kwenye chai. Walimtoa. Alikataa kwenda Nyakabiga. Alale wapi? Kwa mkwe? Alikaa kwa muumini mwenzake, kwenye chumba chenye watu wengi, na kiangazi kilipoingia na maji kushuka kidogo, alirudi Kajaga, akasimamisha turubai juu ya msingi wa nyumba yake. Mvua zikirudi, kila mtu alijua maji yangerudi nazo, na yangemkuta amelala chini.

Ndipo lilipokuja suala la nyumba. Mwamuzi na mkewe waliamua kumjengea chumba uani, peke yake, paa lake, mlango wake. Mkewe alikwenda Kajaga na habari hiyo akarudi na jibu, na jibu hilo alinirudishia neno kwa neno juu ya ukuta.

"Anasema asante. Lakini nyumba ya udongo haingie tena. Anasema udongo ilimudanganya maisha yake yote, ilijifanya ukuta na kumbe ni tope. Anasema yeye anaamini mti. Maji ikikuja, mti inaelea."

Nilicheka. Mwamuzi, aliyesimama nyuma yake, hakucheka. Aligeuza macho kwenye kibanda cha mabati kwenye kona ya ua wao. Humo ililala mikaratusi aliyoikata kiangazi cha mwaka uliotangulia, kwa sababu mizizi yake ilikuwa imeanza kupasua ukuta wetu. Alikuwa ameimenya maganda, akaipanga juu ya mawe ili ipate hewa, kwa nia ya kuwauzia wajenzi wa maghorofa. Ilikuwa imekauka, imenyooka, mizito.

"Nitamujengea ya magogo," alisema. "Mimi mwenyewe." Na kabla mkewe hajafungua mdomo: "Nimekwisha piga filimbi."

Nimeona watu wengi wakijenga. Wengi husimama kando na kuonyesha kwa kidole. Yeye alivua shati. Alikuwa amejifunza useremala kidogo kwa mjomba wake, kiasi cha viti na vitanda, na nyumba ya magogo hakuwahi kuiona ila kwenye picha. Kwa hiyo alianza na ndogo. Alijenga ya vijiti, yenye ukubwa wa kreti ya soda, juu ya meza ya uani, akaibomoa, akaijenga tena, mpaka alipoelewa kwamba nyumba ya namna hiyo haishikwi na misumari. Inashikwa na kona. Kila gogo linachongwa pengo karibu na ncha, nalo linalalia mgongo wa gogo la chini lililopita kwa upande mwingine, na uzito wa ukuta wenyewe ndio unaofunga.

Chini aliweka mawe, juu ya udongo uliochapwa, ili mchwa watafute njia wakose. Magogo ya kwanza aliyapaka mafuta machafu ya gari. Kisha akapanda, safu juu ya safu. Alipiga mstari kwa kamba iliyochovywa kwenye masizi, akakata pengo kwa msumeno, akalisafisha kwa patasi, akalijaribu, akalitoa, akalichonga tena. Mkewe, akirudi kutoka Bwiza, alishika ncha ya pili. Walinyanyua pamoja, wakigombana pamoja.

"Upande wako iko juu!"

"Upande wangu iko sawa, ni we umepinda."

"Mi nimepinda? Mi nilikuwa nikikimbia mechi nzima!"

"Ulikuwa ukikimbia kinyume, Arbitre. Nyanyua."

Kila ukuta aliutia alama ya rangi kwenye ncha za magogo, njano ukuta mmoja, nyekundu mwingine, nyeupe, kijani, na herufi ya safu yake, kwa sababu alichonga kwanza chini, halafu akapandisha. Mianya ilizibwa kwa vipande vya vitenge kutoka kwenye chumba cha cherehani, vikashindiliwa kwa patasi butu, kisha juu yake unga wa mbao uliokorogwa na gundi. Udongo hata kidogo haukuingia kwenye kuta. Ukikaribia uliona mahali rangi ya kitenge ikichungulia, kidogo cha bluu, kidogo cha maua.

Kinyozi hakukosa siku. Alitoka na kitana sikioni, mteja akibaki na nusu ya kichwa.

"Arbitre! Iyo ni nyumba ao ni jeneza ya tembo?"

"Kata nywele, Kinyozi."

"Nywele iko inakatwa. Mi nauliza kwa sababu niko na macho. Muji yote iko na matofali, we unapanga miti kama mutu wa inchi ya barafu."

"Mabukwe anapenda miti," alijibu, kwa neno la kwao la mama mkwe.

"Na akipenda mawingu?"

"Nitatafuta ngazi."

Paa la mabati lilipopanda, watu walikuja kutazama. Nitakuwa mkweli: ilikuwa nzuri kuliko nyumba yangu. Harufu ya mkaratusi ilijaa mtaa. Kuta zilikuwa na rangi ya asali, kona zake zimeshikana kama vidole vya mikono miwili. Mwamuzi alizunguka akizipiga makofi kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake. Mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya milima ya Congo, ng'ambo ya ziwa. Alikuwa amemaliza kwa wakati.

Koko aliletwa siku iliyofuata kuona. Mwamuzi alikwenda nyuma ya tangi. Mimi nilikuwa kwenye ukuta wangu. Mama huyo aliizunguka nyumba polepole. Alichomeka ukucha kwenye mwanya, haukuingia. Alisukuma ukuta kwa bega. Alinusa gogo. Aliingia ndani, tukasikia miguu yake ikipima sakafu ya mbao. Binti yake alifumba macho kama anayesali. Kisha Koko alirudi mlangoni, akasimama juu ya kizingiti, akainua uso aone kile ambacho angekiona kila asubuhi akifungua.

Aliona sebule ya mkwe wake. Mlango ulitazamana na mlango. Katikati ya sebule ile, kimenyookeana na mlango kama alama ya penalti mbele ya goli, kiliwekwa kiti cha Mwamuzi, na juu ya kiti shati lake.

Alivuta kitenge mpaka mdomoni.

"Nyumba iko muzuri," alimwambia binti yake. "Nyumba muzuri kama hii sikuwai kuona. Lakini mulango yake inamuangalia mukwe wangu. Nitoke asubui na macho yangu mu macho yake? Yeye akivaa viatu, mi naangalia? Apana, mwanangu. Apana." Na alipokuwa akipita kando ya tangi la maji, bila kugeuka: "Mwambie asante. Kazi yake ni kubwa. Mi narudi kwangu."

Akarudi Kajaga, chini ya turubai.

Mwamuzi alitoka nyuma ya tangi, akasimama mbele ya mlango alioutengeneza, kisha akageuka akatazama alichokitazama mama mkwe wake. Mtu aliyeijua mila ile tangu siku ya posa, aliyejificha nyuma ya tangi kwa ajili yake, alikuwa ameijengea dharau kwa mikono yake mwenyewe.

"Umemuwekea Mama mulango mu pua yako," mkewe alisema.

"Nilitaka akiita, nisikie. Akianguka, nione."

"We ndiye mutu wa mwisho wa kumuona!"

"Najua." Alikuwa na sauti ndogo. "Nilifikiria magoti yake. Sikufikiria macho yake."

Majirani walileta ushauri. Aweke pazia. Koko, alipoulizwa, alisema pazia hushindwa na upepo. Ajenge uzio wa matete katikati. Koko alijibu kwamba yeye si mbuzi. Mimi nilisema atoboe mlango mwingine kwenye ukuta wa upande, ule uliokuwa karibu na barabara, na azibe wa kwanza. Mwamuzi alinieleza kwa upole. Magogo ya ukuta ule ni mazima kutoka kona hadi kona. Ukiyakata katikati, nusu zinabaki zimeshikwa upande mmoja tu. Inawezekana kuyabana kwa mbao. "Lakini kule mbele kutabaki kiraka," alisema, "na kila siku ataona pale tulipomukosea. Nyumba ya mama haiwekwe kiraka siku ya kwanza."

Kwa siku kadhaa hakujenga wala hakutoka. Ngurumo zilianza kusikika mchana. Mkewe alipeleka chakula Kajaga, akarudi na matope kwenye viatu, na matope yale hakuyafuta, aliviacha viatu mlangoni vionekane.

Kisha, jioni ya Ijumaa, nikiwa nachota maji, nilisikia maneno haya upande wa pili, na nayaandika kama nilivyoyasikia.

"Tunabomoa."

"Tunabomoa nini?"

"Nyumba. Tunaigeuza. Mulango ikuwe upande wa barabara, na mu ukuta ya nje tunamutobolea lango yake mudogo. Wageni wake wakuje kwake, bila kupita kwangu."

"Lakini filimbi ulipiga, Arbitre."

"Nilikosea."

Kitu kilianguka, nadhani ni mfuniko wa sufuria. Halafu kichwa cha mkewe kikatokea juu ya ukuta.

"Jirani! Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi we ni shahidi. Mi nimeolewa na huyu mutu tangu nikiwa na meno yote, na hii ni mara ya kwanza."

Jumamosi asubuhi ilikuwa kazi ya jumuiya, kama kawaida: mtaa mzima ulikuwa barabarani na majembe, tukisafisha mifereji kabla ya mvua. Tulipomaliza, Mwamuzi alipanda juu ya rundo la takataka tulizozitoa, ili aonekane. Nilidhani atapiga filimbi. Aliongea tu.

"Majirani. Nilijenga nyumba ya mabukwe, na mulango niliweka pabaya. Kosa ni yangu, si ya fundi, kwa sababu fundi ni mimi. Mvua iko inakuja. Peke yangu sitamaliza. Naomba mikono."

Hakuna aliyesogea mara moja, na si kwa ubaya. Watu walikuwa wanajaribu kuamini masikio. Wa kwanza kuvuka barabara alikuwa Kinyozi, jembe begani, tumbo mbele.

"Nilingoja hii siku tangu nikiwa na kiuno," alisema. "Arbitre anafuta uamuzi! Wote mumeona? Mumeona? Haya, iko wapi iyo gogo ya kwanza?"

Kazi iliyofuata sijui kama nitaiona tena. Mabati yalishushwa na kuegemezwa kwenye ukuta wangu. Kisha magogo, kutoka juu kwenda chini, moja baada ya jingine, kila moja likipiga kelele ya kutoka kwenye pengo lake. Wanaume waliyashika kwenye ncha, wanawake wakaondoa vitenge vya mianya na kuvikusanya kwenye beseni, wasichana wakasoma rangi na herufi kwa sauti: njano A! nyekundu C! Mwamuzi alikuwa katikati, ametoa sauti ya uwanjani ambayo hatukuisikia tangu alipostaafu, akitembea kinyumenyume mbele ya kila gogo na kulielekeza kwa mikono. Kilichokuwa nyumba kikawa marundo. Mawe ya msingi yalibaki palepale, kwa kuwa nyumba ilikuwa na pande sawa. Ukuta wa mlango ukaenda ulikokuwa ukuta wa barabara, na wengine wakafuata kwa zamu, kama watu wanaohamisha viti kuzunguka meza.

Na magogo yalikubali. Hilo ndilo lililotushangaza. Kila pengo lililalia mgongo wake ule ule, kwa sauti nzito, dup, na kila dup ilipigiwa makofi. Matofali usingeweza kuyafanya hivyo. Ukibomoa ukuta wa tofali unabaki na vipande na aibu. Nyumba ile ilishuka na kupanda kama mtu aliyeketi vibaya akainuka akaketi vizuri.

Jua lilipokuwa linazama upande wa Congo, safu ya mwisho ilikaa. Kinyozi, shati limelowa, alimfuata Mwamuzi mbele ya kila mtu. Aliona nafasi ambayo isingerudi.

"Arbitre. Leo ni siku ya kweli. Umesema ulikosea mulango. Sasa sema: ile ilikuwa penalti?"

Mwamuzi akapangusa jasho, akafikiri kwa uaminifu, nilimwona akifikiri.

"Ilikuwa penalti," alisema.

Kicheko kile kilisikika mpaka Bwiza. Kinyozi mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini juu ya mabati.

Jumapili mianya ilizibwa upya, paa likarudishwa, lango dogo likatobolewa, na Jumatatu Koko akaja na godoro, mbabula yake ya mkaa ya kupikia, na kikapu cha dagaa. Hakupita uani. Alipita kwa lango lake. Alisimama juu ya kizingiti kile kile, akageuka. Mbele yake palikuwa na kitalu cha mboga za lengalenga, ukuta wa nje, na mbele ya lango dogo watu wakipita. Akatazama kwa muda mrefu.

"Hapa," Koko alisema. Akaweka mbabula chini.

Jioni hiyo binti yake alivuka ua na sahani iliyofunikwa. Ilikuwa dagaa na ugali kutoka kwenye jiko la Koko, kwa mkwe wake. Mwamuzi alikula peke yake sebuleni, amegeukia ukuta, na akalia kama aliyehudhuria harusi. Mvua ilianza wiki hiyo. Ilinyesha kwa hasira, na Kajaga maji yalirudi mahali pale pale, yakalichukua turubai na kamba zake. Koko alisikia habari hiyo kutoka kwa wauza samaki wenzake, waliokuja kuota moto kwake, wakiingia kwa lango lake bila kubisha kwa mtu mwingine.

Baada ya miaka michache nilihama mtaa ule. Hivi karibuni nilipita kuwasalimu, nikaingia kwa upande wa barabara. Nilimkuta Mwamuzi, amekonda, miwani puani, amepiga magoti kwenye kona ya nyumba ya magogo akipima ardhi kwa futi. Kando yake palikuwa na magogo mapya mawili, yamemenywa. Magogo ya ukuta yalikuwa yamegeuka kijivu, lakini nilipoweka kiganja kwenye kona sikuona pengo hata la kupitisha kadi.

"Baraza," alininong'oneza. "Nataka kumutengenezea baraza hapa mbele, akae kwenye kivuli. Usiseme kwa nguvu."

Ndani palikuwa na sauti za akina mama wengi na harufu ya dagaa wa kukaanga. Sauti moja ikapanda juu ya nyingine.

"Nani iko hapo inje?"

Nikajitaja. Nikasalimu.

"Ah, we jirani! Karibu sana. Na uko na mutu mwengine hapo?"

Nilimtazama Mwamuzi. Alitikisa kichwa kwa nguvu, lakini futi ya chuma iliponyoka mkononi ikajikunja kwa kelele.

"Ndiyo, Koko. Ni mkwe wako."

"Anafanya nini?"

"Anapima. Anataka kukujengea baraza."

Akina mama ndani walicheka. Koko hakucheka. Aliongea polepole, kama mtu anayetaka maneno yake yafike bila kumwagika.

"Mwambie namushukuru. Mwambie nyumba yangu imekwisha. Haina shida, haitaki baraza, haitaki kitu. Wageni wangu wanataka kutoka na yeye amefunga njia. Kama mikono inamuwasha, aende ajenge kwake. Hapa ni kwangu."

Nilimgeukia Mwamuzi ili nimpe ujumbe, kama mila inavyotaka, ingawa alikuwa amesikia kila neno. Sikuwahi kuuona uso wake uking'aa hivyo, hata siku mtaa mzima ulipompigia makofi. Aliokota futi yake, akapangusa magoti, akanishika mkono kuelekea langoni.

"Twende, jirani," alisema. "Mwenye nyumba amesema."